Wi-Fi Imeshika, Intaneti Haifunguki: Anwani Anagawa Nani?

Mabibi na mabwana, mafundi wenzetu wa Mombasa, na nyinyi vijana mnaoanza kazi hii ya kuvuta nyaya na kufunga Wi-Fi kwenye dari za watu: assalamu alaykum, na habari za asubuhi.

Kebo za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilitua kwenye pwani yetu hii mwaka 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Intaneti nyingi ya Kenya inaingilia hapa kwetu. Hata hivyo, mteja wa Kongowea, ambaye bahari haiko mbali na duka lake, anashika simu yenye alama zote za Wi-Fi na haifungui hata ukurasa mmoja. Analalamika kwa kampuni inayomuuzia intaneti. Kampuni inapima laini na kumwambia ni nzima, na kweli ni nzima. Fundi anaitwa, anazima ruta na kuiwasha, mambo yanatengemaa, analipwa, anaenda zake. Baada ya siku mbili ni yale yale. Mara nyingi kilichoharibika hapo si laini wala si Wi-Fi. Ni ugawaji wa anwani, na ndio tuliokuja kuuzungumza.

Simu ikishakubaliwa nenosiri, bado haiwezi kufanya lolote. Inahitaji vitu vinne: anwani yake ya IP, yaani namba ya kuitambulisha mtandaoni, maski inayoeleza mtandao wake unaishia wapi, anwani ya lango la kutokea nje, na anwani ya DNS ya kugeuza majina ya tovuti kuwa namba. Vyote vinne huletwa na DHCP, utaratibu wa kugawa anwani, kwa mazungumzo mafupi. Simu inapiga ukelele mtandao mzima kuuliza kama kuna wa kuipa anwani. Huo ni ujumbe wa Discover. Mgawaji, yaani ruta au seva yenye kazi hiyo, anajibu kwa Offer, tuseme 192.168.1.105. Simu inatangaza tena kwa wote, Request, kwamba imechukua ya huyu, ili kama kuna mgawaji mwingine aliyekuwa amejitolea ajue amekataliwa. Mgawaji anafunga mkataba kwa ACK. Ni pakiti, yaani vifurushi vya data, nne za aina ya UDP, poti 67 upande wa seva na 68 upande wa simu, na kwa kawaida humalizika kabla hujapepesa macho.

Zamani kulikuwa na BOOTP, mtangulizi wa DHCP, ya mwaka 1985, ambayo fundi alikaa akaandika kila kifaa na anwani yake. DHCP ilitoka mwaka 1993, na hati inayofuatwa hadi leo, RFC 2131 ya Machi 1997, iliandikwa na Ralph Droms wa Chuo Kikuu cha Bucknell, Marekani. Jambo kubwa iliyoleta ni kwamba anwani haitolewi milele. Hupangishwa kwa muda, mfano wa chumba. Shikeni hilo la upangaji, maana nusu ya matatizo tunayoitiwa yanatoka hapo. Nusu ya pili inatoka kwenye swali ambalo fundi hakujiuliza kabla ya kutoa ngazi kwenye gari: katika jengo hili, anwani atagawa nani?

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ruta ya kampuni ya intaneti, ile iliyofungwa pale faiba inapoingilia, tayari inagawa anwani. Kifaa cha Wi-Fi ulichonunua dukani, kikitoka kwenye boksi, nacho kinagawa. Ukivichomeka pamoja bila kuamua, umeweka manahodha wawili kwenye chombo cha mteja. Amua mmoja, mwingine umnyamazishe.

Kwa nyumba na ofisi ndogo, sisi tunapendelea ruta ya kampuni iendelee kugawa na kifaa chako kiwe daraja tu. Mpangilio wa kazi hiyo ni muhimu, kwa sababu ukiugeuza utajifungia nje. Usikiunganishe kifaa kipya na ruta ya kampuni bado. Chomeka laptopu yako kwa waya kwenye tundu lake la LAN, yaani la mtandao wa ndani, ufungue ukurasa wa mipangilio. Badilisha kwanza anwani ya kifaa chenyewe. Kama ruta ya kampuni ni 192.168.1.1 na inagawa kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.199, kipe kifaa chako 192.168.1.2, maski 255.255.255.0. Hifadhi, ngoja kijiwashe upya, ingia tena kwa anwani hiyo mpya. Weka jina la Wi-Fi na nenosiri la WPA2 au WPA3. Baada ya hayo yote ndipo uzime DHCP. Sasa lete waya kutoka kwenye ruta ya kampuni, uuchomeke kwenye tundu la LAN. Lile la WAN, la kutokea nje, ambalo mara nyingi lina rangi yake peke yake, liache tupu. Ukizima DHCP mapema, laptopu yako yenyewe itakosa anwani na ukurasa hautafunguka. Itabidi uiandikie kwa mkono anwani ya mtandao wa kifaa, kwa mfano 192.168.1.50 kama kifaa tayari ni 192.168.1.2, na maski ile ile, ndipo uingie.

Vifaa vingi vya siku hizi vina chaguo la Access Point Mode linalofanya haya yote kwa mbofyo mmoja, na hapo hata tundu la WAN huwa linatumika kama mengine. Ni zuri. Angalizo letu ni kwamba baadhi yake vikiwekwa hivyo huenda kuomba anwani kwa ruta kuu kama simu yoyote ile, na siku ukirudi hujui kifaa kimehamia wapi. Kwa hiyo ingia kwenye ruta kuu, tafuta orodha ya waliopewa anwani, ukitengee kifaa chako anwani moja isiyobadilika, uiandike.

Njia ya pili ni kifaa chako kugawa chenyewe. Hii inafaa hosteli, saiba, mkahawa, mahali unapotaka wageni wasionane na mashine za ofisi, au pale ruta ya kampuni imefungwa kwa nenosiri ambalo hupewi. Hapa waya unaingia WAN, na DHCP ya upande wa LAN inabaki imewashwa. Sharti lake ni moja na halina mjadala: mtandao wa LAN yako usifanane na wa juu. Ruta ya kampuni ikiwa 192.168.1.1 na ya kwako nayo ikawa 192.168.1.1, kifaa chako hakijui pakiti ielekezwe nje au ndani, na hakuna kitakachofunguka. Ruta nyingi za faiba hukaa kwenye 192.168.1 au 192.168.100, za TP-Link kwenye 192.168.0, za MikroTik kwenye 192.168.88. Kaa mbali na hizo zote. Mafungu yaliyotengwa kwa anwani za ndani ni makubwa mno kwa mahitaji yetu: 10.0.0.0 hadi 10.255.255.255, 172.16.0.0 hadi 172.31.255.255, na 192.168.0.0 hadi 192.168.255.255. Chagua 10.20.0.1 na hutagongana na mtu kirahisi.

Sasa ukubwa wa fungu. Maski ya 255.255.255.0 inakupa anwani 254 za kutumia, na moja ni ya ruta yenyewe. Usigawe zote. Bakisha za mwanzo, tuseme .2 hadi .49, kwa printa, kamera na vifaa vya Wi-Fi, na fungu la kugawa lianzie .50 hadi .250. Hosteli kubwa ikihitaji zaidi, tumia 255.255.252.0: mtandao wa 10.20.0.0 hadi 10.20.3.255, anwani 1,022, na ukianza kugawa 10.20.0.100 ukaishia 10.20.3.254 una anwani 923 za wageni. Anwani 923 hazina maana ya watu 923 kwenye kisahani kimoja cha darini, yaani kifaa kimoja cha Wi-Fi. Kifaa cha kawaida cha dukani kinaanza kulemewa watu 30 au 40 wakikitumia kwa pamoja, na hilo utalitibu kwa kuongeza vifaa, si anwani.

Angalieni pia kila mtengenezaji anavyouliza. TP-Link inataka anwani ya kwanza na ya mwisho, na nyingi zake zikitoka dukani huwa .100 hadi .199, yaani simu 100. OpenWrt, programu ya kuendeshea ruta, inataka start na limit, na watu wengi wanadhani limit ni namba ya mwisho. Sivyo, ni idadi. Start 100 na limit 150 ni kuanzia .100 hadi .249. Aliyeandika start 100 na limit 200 akidhani anaishia .200 ameomba anwani zinazovuka mwisho wa mtandao. Kwenye MikroTik, amri ya /ip dhcp-server setup inakuuliza kila kitu kwa zamu, na swali la kwanza ndilo linalowaponza watu: seva ikae kwenye intafesi gani, yaani mlango gani wa ruta. Kama wlan1, mlango wa Wi-Fi, imeshatiwa ndani ya bridge, yaani kundi la milango iliyounganishwa, seva lazima ikae kwenye bridge. Ukiiweka kwenye wlan1 inageuka nyekundu na haijibu mtu.

Tufike kwenye muda wa upangaji, palipoandikwa Lease Time. Hapa tukae kidogo. Mpangaji wa DHCP hangoji mkataba uishe. Nusu ya muda ikifika anamwendea mgawaji yule yule kuomba kuongezewa. Asipojibiwa, muda ukifika asilimia 87.5 anawatangazia wote, yeyote amwongezee. Mkataba ukiisha bila jibu, anaiacha anwani. Kwa mkataba wa saa 8 ni saa ya 4, ya 7 na ya 8. Lakini mpangaji anayeondoka mara nyingi haagi. Mteja anamaliza chai, anatoka na simu mfukoni, simu haimwambii mgawaji chochote, na anwani inabaki imeshikwa hadi mkataba uishe.

Chukua mkahawa unaofungua saa kumi na mbili asubuhi, wateja 30 kwa saa, kila mmoja anakaa dakika 40. Walioketi kwa wakati mmoja ni 20 tu. Fungu ni anwani 100, na fundi ameweka muda wa saa 24. Saa tatu na dakika ishirini asubuhi anwani ya 100 imetoka. Mteja wa 101 anaona Wi-Fi, anaandika nenosiri, linakubaliwa, na hapati kitu, wakati mkahawa una watu 20. Hapo ndipo ruta inazimwa na kuwashwa: zile ndogo husahau daftari lao lote, zinaanza upya na fungu tupu, na kila mtu anaamini tiba ni kuzima na kuwasha. Sasa badilisha muda uwe saa 1. Simu inaingia, dakika ya 30 inaongezewa, dakika ya 40 inaondoka, mkataba wake unakwisha dakika ya 90. Anwani zilizoshikwa kwa pamoja hazizidi 45. Ni fungu lile lile, hukununua kitu.

Kwa mkahawa na stendi weka dakika 30 hadi saa 1, hosteli saa 4 hadi 8, nyumbani au ofisi ya watu wale wale saa 24. Tunaowaona wakiweka dakika 5 kila mahali nao wanakosea. Mgawaji akizimika kidogo tu, ofisi nzima inapoteza anwani na hata printa iliyo chumba kile kile haifikiki tena.

Printa hiyo inastahili aya yake, kwa sababu ugonjwa wake unafanana kila duka la kuchapisha. Mtu ameiandikia kwa mkono 192.168.1.105, anwani iliyo katikati ya fungu la kugawa. Mchana hakuna tatizo, maana baadhi ya wagawaji hupima kwanza kwa ping, wito mfupi wa kuuliza nani yupo, kama anwani ina mtu, na printa inaitika. Jioni duka linafungwa na printa inazimwa. Asubuhi mwenye duka anaingia na simu yake kabla ya kuwasha chochote, mgawaji anapima .105, kimya, anaipa simu. Printa inawashwa dakika tano baadaye ikiwa na .105 yake, na sasa wawili wana anwani moja. Kazi zinachapishwa nusu, simu inakatika. Dawa ni kuirudisha printa kwenye kuomba yenyewe, kisha kwenye ruta uifungie anwani kwa namba yake ya MAC, ya kukitambulisha kifaa chenyewe, iliyo kwenye kibandiko cha nyuma. Kwa simu usitegemee njia hiyo. Tangu Android 10 na iOS 14, simu hutumia MAC ya kubuni kwa kila Wi-Fi. Utaitambua kwa herufi yake ya pili, ambayo huwa 2, 6, A au E. Simu ya mfanyakazi unayetaka kumtengea anwani, izimie kwanza hiyo MAC ya kubuni kwa mtandao wa ofisi.

Ukiitwa mahali mtandao unasumbua, tazama anwani kabla ya kugusa waya. Kwenye Windows andika ipconfig /all; kwenye simu bonyeza jina la Wi-Fi usome undani wake. Ukikuta anwani inayoanza na 169.254, kifaa kimeita na hakuna aliyeitika, kikajipa namba chenyewe. Windows na iPhone hufanya hivyo. Android haijipi, inakaa ikitafuta anwani, kisha inaachana na Wi-Fi hiyo. Sababu ni fungu kujaa, seva kuzimwa, au waya kukatika baina ya kisahani na ruta. Kama wafanyakazi wanapata na wageni peke yao hawapati, na mtandao wa wageni una VLAN yake, yaani mtandao uliotengwa ndani ya nyaya zile zile, nenda kwenye swichi, kisanduku kinachounganisha nyaya. Tundu la kisahani hicho huenda halijaruhusiwa kupitisha VLAN hiyo.

Ukikuta simu moja ina 192.168.1 na jirani yake mezani ana 192.168.0, manahodha ni wawili. Alama yake ni hiyo: chumba kimoja, huyu anapata, yule hapati, na akizima Wi-Fi na kuwasha bahati inageuka, kwa sababu simu kwa kawaida huchukua jibu lililotangulia kufika. Mstari wa DHCP Server kwenye ipconfig utakuonyesha anwani ya mgawaji haramu. Andika arp -a upate MAC yake. Nusu ya mwanzo ya MAC humtaja mtengenezaji, na hapo utajua unatafuta kisanduku cha aina gani. Mara nyingi ni ruta ndogo ambayo mtu aliileta kutoka nyumbani akaichomeka kwa tundu la LAN ili Wi-Fi imfikie mezani. Usipoiona, chomoa nyaya za swichi moja baada ya nyingine hadi jibu lake likome. Ukiwa na swichi ya kusimamiwa, inayokubali mipangilio, washa DHCP snooping na uruhusu majibu ya kugawa yatoke tundu moja tu, la ruta kuu. Tunawasihi sana mfanye hivyo kwenye hosteli, maana huko wageni huja na vifaa vyao.

Kuna kesi inayofanana na hizi na si ya DHCP. Kwenye nyumba za mawe za Mji wa Kale kuta ni nene, za mawe ya matumbawe, na chumba cha ndani kinapata Wi-Fi ya kukisia. Matangazo yanayotoka kwenye kisahani kwenda kwa wote hayathibitishwi hewani kama pakiti nyingine, hivyo jibu la mgawaji likitumwa kwa njia ya tangazo linaweza kupotea bila kurudiwa. Simu inaonyesha imeunganishwa na anwani haifiki. Ipeleke simu ile ile chini ya kisahani. Ikipata anwani mara moja, acha mipangilio, vuta waya hadi chumba cha ndani.

Na ukikuta anwani ni sahihi na lango ni sahihi lakini hakuna tovuti inayofunguka, piga ping 8.8.8.8. Ikijibu, DNS unayoigawa imekufa. Gawa mbili za watoaji tofauti, kwa mfano 8.8.8.8 na 1.1.1.1, kisha zima Wi-Fi na uwashe kwenye kila kifaa, kwa sababu kilichopangisha jana kinabaki na DNS ya jana hadi kiombe upya.

Kabla ya kushuka ngazi, bandika karatasi ndani ya kabati la ruta: nani anagawa, kuanzia ngapi hadi ngapi, kwa muda gani, na anwani zilizotengwa ni za nini. Iandike kwa wino usiofutika kwa jasho la huku kwetu.

Ruta iliyo mezani hapa tumeipa fungu la anwani 5 makusudi, 10.20.0.50 hadi 10.20.0.54, muda wa dakika 2. Nenosiri lake liko ubaoni. Ingieni nyote kwa pamoja, na atakayekosa anyanyue mkono atusomee anwani aliyonayo. Kisha watano wa kwanza watazima Wi-Fi zao, na tutahesabu ni dakika ngapi zinapita kabla ya wa sita kuingia.